Nani Anamkatiza Mwalimu

Kachero aliingia nyumba ya Mwalimu baada ya sala ya adhuhuri, akavua viatu mlangoni, akakataa kiti. Ilikuwa desturi yake kutoketi katika nyumba yenye tuhuma mpaka aizunguke yote kwa miguu. Mama huyu alikuwa ameitumikia idara ya upelelezi katika kitengo cha mawasiliano hadi nywele zikaanza kumgeuka rangi, na alipostaafu kazi hakustaafu jicho. Sasa watu walimwita majumbani mwao kutafuta kwa nini mitandao yao inakufa na kufufuka, naye huwaendea amevaa koti lililopigwa pasi sawasawa, mfano wa mtu aendaye kutoa ushahidi mahakamani. Hakuona haya kulivaa koti lile kwa kazi ya ruta. Kosa ni kosa, husema, hata likiwa limejificha ndani ya kikasha chenye taa za kijani.

Mwenye nyumba alimpokea kwa salamu ndefu. Alikuwa mama mjane aliyenyooka mgongo kuliko vijana wengi, na mtaa mzima haukumjua kwa jina jingine ila Mwalimu, kwa kuwa umri wake wote alikuwa akiwafundisha wanawake kuisoma Kurani kwa kanuni zake. Hapo zamani walikuja wakaketi mkekani mbele yake. Siku hizi wengi wao walikuwa ng'ambo, wakisoma kwake kwa simu kila alasiri, na yeye hukaa katika chumba cha pembeni kilichofagiliwa kikang'aa, simu imeegemezwa kwenye mto mgumu. Juu ya kibao cha msahafu haiweki kamwe.

Kachero alimtaka aeleze, asiache kitu. Mwalimu akaeleza kama asomaye, kila neno likipewa haki yake. Sauti hukatika. Alama ya waifai juu ya kioo imejaa tele, lakini picha huganda na sauti hupotea katikati ya aya, kisha hurudi yenyewe pasipo kuguswa. Hilo angelistahimili. Lililomchoma ni kwamba mwanafunzi mmoja wa mbali, hodari na mwenye adabu, alisoma mbele yake majuzi akasimama mahali ambapo hakuna msomaji asimamaye. Akamuuliza kituo kile kakitoa wapi. Akajibiwa: kwako, Mwalimu, ndivyo ulivyosoma.

"Mtandao ulinikata pale," Mwalimu alisema, "na mwanafunzi wangu akadhani nimesimama. Mimi sijapata kunasibishwa na kituo cha makosa tangu nilipokabidhiwa elimu hii. Leo ninanasibishwa nacho huko nisikofika."

"Na unamshuku nani?"

Mwalimu hakuzungusha maneno. Alimshuku mke wa mwanawe, aliyeolewa mwaka uliopita na ambaye nyumba nzima ilikuwa bado ikimwita Bi Harusi. Tuhuma hiyo alikuwa ameitamka mbele ya darasa zima, kwamba nyumbani kwake umo mkono unaomzimia mtandao, na waliomjua walijua ni mkono wa nani. Mwanawe naye alikwisha kuambiwa: darasa la alasiri hii likikatizwa tena, mkewe arudi kwao kesho, akae huko mpaka atafutiwe nyumba yake.

"Umemwona akiizima ruta, mama?"

"Ya nini kumwona? Akiwa kazini, sauti yangu inakwenda kama maji. Akifika tu, inakatika. Jumapili anashinda nyumbani, na mimi nashinda bubu."

"Huo ni wakati, mama yangu. Mkono bado sijauona."

Mwalimu akamwambia aendelee na kazi yake.

Kachero alianza na ruta. Ilikuwa sebuleni juu ya rafu, imeinuliwa kutoka sakafuni, haikufunikwa kitambaa wala kusukumwa nyuma ya televisheni kama wafanyavyo watu wanaoionea haya. Alama njema hiyo. Akaishika simu yake mwenyewe, akatembea nayo polepole kutoka sebuleni hadi chumba cha darasa, akisimama kila pembe, akitazama nguvu za mawimbi zikipungua kidogo penye ukuta na kutulia tena. Chumba cha Mwalimu kilipata zaidi ya kinachohitajika. Kuta hazikuwa na hatia.

Akageukia kampuni inayoleta mtandao, kwa maana lawama nyingi huanzia huko. Hapo alimpata shahidi. Binti wa Mwalimu, ambaye tangu utotoni aliitwa Chiriku kwa wingi wa maneno, alikuwa akifanya kazi za tafsiri nyumbani kwa kompyuta iliyofungwa kwenye ruta kwa waya. Kachero alimuuliza kama yeye pia hukatika mama yake anapokatika. Chiriku akasema la, hata mara moja, na akaongeza pasipo kuulizwa kwamba neno "msimamizi" lililobandikwa ubavuni mwa ruta ni cheo chake yeye katika nyumba hii, lakini kikasha hicho kikikosea wasije wakamhesabia. Mama yake alimkemea kwa jicho. Kachero alicheka kidogo tu, akaandama hoja: ikiwa kompyuta ya waya haikatiki saa ile ile simu inapokatika, basi mtandao unafika nyumbani salama. Kinachoharibika kinaharibika humu ndani, baina ya ruta na simu.

Chiriku alikuwa na mtuhumiwa wake. Aliapa kwamba ni ile oveni ya kupashia chakula, amesoma mahali kuwa hutoa mawimbi yanayopigana na waifai, na ni kweli kuwa Bi Harusi akirudi kazini hupasha chakula kwanza. Kachero hakulidharau, maana lilikuwa na akili. Alimtia Mwalimu kwenye simu ya video na Chiriku, mmoja chumbani, mwingine uani, kisha akaweka bakuli la maji ndani ya oveni na kuiwasha. Picha ilitetemeka kidogo. Sauti haikukatika. Akaiacha maji yakachemka, akamsogeza Mwalimu na simu yake karibu na oveni, na bado Mwalimu alisikika akimwambia binti yake asimame vizuri, anakaa kama kanga iliyolowa. Oveni ikaachiwa huru.

Iliyobaki ilikuwa simu yenyewe. Ilikuwa mpya, zawadi ya mwanawe, ambaye ni mhasibu na kwa hiyo kila mtu alimwita Mhasibu. Kachero aliikagua kama daktari: chaji nzuri, hali ya kubana chaji imezimwa, programu zimesasishwa, neno la siri la waifai sahihi. Akaisahaulisha mtandao na kuiunganisha upya. Ilishika mara moja. Simu ya video na Chiriku iliendelea kupita, safi kabisa, na Kachero akaanza kuingiwa na wasiwasi wa mpelelezi anayemchunguza mgonjwa asiyeumwa.

Ndipo lango likasikika.

Bi Harusi aliingia akiwa na sare ya uuguzi na mkoba begani. Alitoa salamu, akambusu mama mkwe mkono, akamwamkia mgeni, akauweka mkoba juu ya meza ya kulia chakula. Macho ya Kachero hayakuiacha mikono yake. Haikwenda kwenye rafu, haikugusa waya wala swichi yoyote.

Picha ya Chiriku ikaganda, mdomo wazi.

"Umejionea," Mwalimu alisema kwa utulivu, na utulivu ule ulikuwa mzito kuliko makelele.

Bi Harusi alisimama pale aliposimama. Hakujitetea. Kachero alimuuliza mama amemwona binti akigusa nini, na Mwalimu, ambaye hata katika hasira hakuwa mtu wa kusema uongo, alikiri kuwa hakumwona akigusa kitu.

"Basi tumjaribu mbele yako, kwa ruhusa yake. Binti, chukua mkoba wako, utoke nje, uende hadi mwisho wa barabara."

Bi Harusi alitoka. Alipofika mbali, Chiriku alifufuka kiooni katikati ya sentensi. Kachero akampungia binti mkono arudi, na alipoingia langoni sauti ikapotea. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Mwalimu alikunja mikono kifuani. Mtu mwingine angefunga kesi pale pale, na wako wapelelezi waliokwisha kupandishwa vyeo kwa ushahidi hafifu kuliko huo.

Kachero akasema, "Sasa nenda tena, mwanangu. Safari hii uache mkoba mezani, uende mikono mitupu."

Bi Harusi alimtazama, akaelewa, akatoka akitembea kwa hatua za mtu anayejua kuwa anatazamwa na hana la kuficha. Alifika mwisho wa barabara akasimama kwenye jua. Ndani ya nyumba, picha ilikuwa imeganda kama jiwe. Haikurudi.

Kachero alimgeukia Mwalimu. "Mama, mkwe wako yuko kule. Anayekukatiza yuko hapa mezani."

Mwalimu alikunjua mikono polepole.

Binti aliporudi, Kachero alimwomba atoe vilivyomo mkobani kwa mkono wake mwenyewe. Zikatoka funguo, viatu vya wodini, kitambaa safi, na simu ndani ya kava la rangi ya zambarau iliyopauka. Mwalimu aliiona, na uchungu wote wa mwezi ule ukampanda.

"Hiyo ni simu yangu. Yake ilipotumbukia kwenye ndoo ya maji nikampa yangu mwenyewe, nilipoletewa mpya. Kwa mkono huu. Na shukurani yake ndiyo hii."

"Ulimpa lini, kabla ya kukatika huku au baada?"

Swali lilimkuta Mwalimu hakulitarajia. Alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba balaa liliingia na Bi Harusi. Kachero alimuuliza habari za miezi ya mwanzo baada ya ndoa, na Chiriku akadakia kwamba siku hizo darasa lilikwenda bila kasoro, hata wanafunzi wapya wakaongezeka. Mwalimu alifikiri. Ingalikuwa rahisi kusema hakumbuki.

"Kabla," akasema. "Nilimpa kwanza. Kukatika kukaja nyuma yake. Siwezi kulikana."

"Na wewe binti, simu hii inakusumbua?"

Bi Harusi alisita. "Inanikatikia kila nikirudi nyumbani, mama. Inazunguka mpaka naikatia tamaa, naitupa mkobani."

"Mbona hukunena?"

"Ningenena vipi? Mama analia na mtandao, na mimi nilie na mtandao? Wangesema najifananisha naye."

Kachero alizilaza simu mbili ubavu kwa ubavu juu ya meza, akavuta miwani, akafungua mipangilio ya waifai kwa kila moja. Pale panapoonyesha anwani ya ndani, yaani namba inayoitambulisha simu kwa ruta, akamwita Mwalimu asome ya simu mpya kwa sauti, na Bi Harusi asome ya ile ya zamani. Mwalimu alisoma tarakimu moja baada ya nyingine, kwa utaratibu. Bi Harusi akasoma zake. Walipomaliza, Chiriku alizisogelea simu akazisoma tena mwenyewe.

Zilikuwa sawa tangu ya kwanza hadi ya mwisho.

Mlangoni palikuwa na Mhasibu, aliyeomba ruhusa kazini ili awepo alasiri hiyo ya hukumu. Kachero hakumpa nafasi ya kuketi.

"Anwani hizi hazikugawiwa na ruta. Zimeandikwa kwa mkono. Kwa mkono wa nani?"

"Wangu," alisema Mhasibu.

Akaeleza, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyefumaniwa, kwa kuwa alichokifanya alikifanya kwa mapenzi. Tangu siku za simu ya zamani aliiwekea namba ya kudumu, na akaiagiza ruta kwamba mwenye namba ile apitishwe kwanza, kabla ya filamu na michezo na kazi za dada yake, kusudi darasa lisipigwe kikumbo na chochote. Mama yake alipopata simu mpya, aliiandikia namba ile ile. Hakuona kuwa ni haki simu mpya ya mama yake iingie na kupanga foleni na vyombo vya wageni.

"Nafasi ya Mama haishuki," alisema. "Ndivyo nilivyofikiri."

"Umefikiri vyema," Kachero alimjibu, "ila hukumvua wa kwanza. Umewavika wawili kilemba kimoja."

Kisha akawaeleza wote, kwa lugha ya nyumbani. Ruta ni kama tarishi. Kila chombo kinachoingia hupewa namba, na kwa namba hiyo tarishi hujua maneno ya nani yapelekwe wapi. Akigawa mwenyewe, huangalia asiwape wawili namba moja. Lakini namba ikiandikwa kwa mkono ndani ya simu, simu haimwombi tarishi ruhusa, huingia ikaidai. Basi Bi Harusi anapofika langoni, simu yake huitikia kwa jina la Mwalimu. Tarishi akija na furushi la Mwalimu, wanamwitikia wawili, naye mara humpa huyu, mara yule. Ndiyo maana wote wawili hukatika, na ndiyo maana hurudi pasipo kuguswa. Mistari ile inayojaa juu ya kioo huonyesha tu kwamba simu inaisikia ruta vizuri. Haionyeshi furushi limefika mikononi mwa nani.

"Kwa hiyo," Mwalimu aliuliza taratibu, "mimi na yeye tulikuwa tukinyang'anyana."

"Pasipo yeyote kati yenu kujua, mama. Kila ulipokatwa wewe, alikatwa na yeye."

Kachero alikataa kuigusa simu ya zamani. Alitaka mwenye kutuhumiwa aiondoe tuhuma kwa kidole chake. Bi Harusi, akielekezwa, aliingia mahali pa anwani, akaifuta ile ya mkono, akachagua simu ijipatie yenyewe kutoka kwa ruta. Ikapokea namba nyingine. Chiriku alipiga tena simu ya video kwa mama yake akiwa uani, na kwa simu ya Bi Harusi wakampigia mfanyakazi mwenzake wa wodini. Simu mbili zikazungumza kwa pamoja chini ya dari moja, na hakuna iliyomkanyaga mwenzake. Kachero alimtuma binti nje na kumrudisha ndani, akawasha na oveni, akawaambia wapandishe na filamu kwenye televisheni. Alikuwa hana tabia ya kuiaga kesi kabla haijachoka kujaribiwa. Mwisho wake aliketi, kwa mara ya kwanza tangu aingie, na Chiriku akajua ndiyo hukumu.

Mhasibu alimwambia mkewe kwamba yamekwisha, hakuna tena habari ya kwenda kwao. Alidhani atafurahi. Bi Harusi alikunja kitambaa chake kikawa mraba mdogo, akakirudisha mkobani.

"Mama," alisema, akimtazama mkwewe kwa heshima lakini pasipo kuinama, "nimekusamehe tangu hujaniomba. Lakini mimi ni mtoto wa watu, nina jina. Lilichafuliwa mbele ya darasa. Kama ni kusafishwa, naomba nisafishwe pale pale."

Mhasibu alishtuka, akataka kuingilia kati. Mwalimu alimzuia kwa kiganja.

"Mwache. Anadai haki yake, na anadai vizuri." Akamgeukia Bi Harusi. "Mwanafunzi wangu akikosea aya katikati, simwambii atie kiraka pale alipokosea. Humrudisha mwanzo, aisome upya yote, kwa sauti ile ile aliyokosea nayo. Njoo."

Alasiri ilikuwa imeadhiniwa. Waliswali, kisha Mwalimu akaingia chumba cha pembeni na kuegemeza simu kwenye mto. Nyuso za wanawake zikajitokeza kiooni moja moja, nyingine na mchana nyuma yake, nyingine na taa. Kachero alisimama ushorobani akiwa tayari amekwisha kuvaa viatu, koti lake limefungwa vifungo vyote. Hakuwa na sababu tena ya kubaki, na hakuondoka.

Mwalimu alianza kwa jina la Mungu. Akawaambia wanafunzi wake kwamba katika nyumba yake alimtuhumu mtu kwa kosa lisilo lake, akamtaja mbele yao kwa fumbo ambalo lilifahamika, na kwamba leo mpelelezi amethibitisha, mbele ya macho yake mwenyewe, kuwa mtu huyo alidhulumika sawa naye, akavumilia, na hakunena. Alisema yote tangu mwanzo, hakuruka lililomtia aibu. Sauti ilipita safi mpaka neno la mwisho.

Kisha akageuka, akamwita kwa kidole. Bi Harusi alidhani anatakiwa aketi kando, akakunja miguu pembeni ya mkeka, nje ya picha. Mwalimu alimvuta mkono akamleta mbele, akasogea yeye kumpa nafasi, mpaka nyuso zao mbili zikajaa kiooni.

"Mtazameni vizuri," alisema. "Huyu ni binti yangu. Anauguza watu mchana kutwa, na hajui kusema uongo hata wa kujiokoa."

Mwanamke mmoja wa mbali, mtu mzima, akauliza kwa sauti ya uchokozi kama binti huyo naye anasoma, au wamepewa wamtazame tu kama picha.

Mwalimu alitaka kujibu. Bi Harusi alimtangulia, akarekebisha mtandio wake, akanyoosha mgongo kama yule aliyeketi ubavuni mwake.

"Nasoma," alisema. "Nipeni zamu yangu."